Asante kwa Giza

Watu wa mtaa wa Makomeno tusiwe wachoyo wa shukrani. Nini kingine, katika mji huu wa shaba, kingetukutanisha na marafiki wa zamani kama kukatika kwa umeme?

Ulaya, nasikia, mtu huingia kupiga fotokopi na kutoka baada ya dakika mbili, hata jina la mwenye mashine halijui. Maskini! Sisi tulifika asubuhi, kila mmoja na karatasi yake, tukaambiwa umeme hakuna, tukavuta viti vya plastiki chini ya mwembe. Kabla jua halijafika utosini, harusi zote za mwaka zilikuwa zimechambuliwa. Alasiri tukaicheza upya fainali ya klabu bingwa ya dunia ya 2010, Mazembe na Inter Milan. Kule Abu Dhabi tulifungwa 3–0. Chini ya mwembe tulishinda.

Walalamikaji hawakosi. Watakutajia ile laini ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, inayopita juu ya vijiji visivyo na hata balbu moja. Jamani, umeme uliosafiri hivyo umechoka! Uacheni kwanza upumzike migodini. Shaba haina rafiki wa kupiga naye soga, sisi tunao.

"Mapapa, mrudi kesho," kijana wa fotokopi alituambia jioni, kwa heshima zote.

Tumeshapangana: mmoja ataleta karanga, mwingine kete. Yule mwenzetu aliyenunua jenereta hatukumwalika. Ana haraka mno, atatuharibia siku.