Mshenga, Pilau na Kibamba cha Kahawia

Nina msimamo mmoja kuhusu matofali ya LEGO, nao umenigombanisha na watu wote wa nyumba yangu kwa zamu: picha iliyochapwa kwenye boksi ni ushauri tu. Unajenga kama kitabu kinavyoelekeza, unaitazama kazi yako jioni moja au mbili, kisha unaivunja na vipande vinarudi kazini. Mke wangu haafiki. Binamu yangu anayeishi Aarhus alipotuletea boksi la nyumba ya ghorofa yenye paa jekundu, mke wangu alikuwa ameshaitengea nafasi kwenye kabati la vyombo, kati ya birika la kaure na vikombe ambavyo hajatokea mgeni wa kustahili kuvinywea. Nilipoivunja alinuna. Kitinda mimba alilia. Binti yangu mkubwa, ambaye anasikiliza taarifa ya habari kuliko anavyosoma, aliniambia, "Baba, umebomoa bila hata kuweka alama ya X."

Lakini hebu fikiria. Ukichukua matofali sita tu ya vinundu vinane, yote ya rangi moja, unaweza kuyaunganisha kwa namna 915,103,765. Sita! Halafu mtu anakuambia ufungie mamia ya vipande nyuma ya kioo ili yawe nyumba ileile, paa lilelile, mpaka vumbi liyasahau. Ndiyo maana nayapenda yale maboksi yanayokuja na miundo mitatu katika seti moja. Yenyewe yanakiri kwamba nyumba si nyumba mpaka ibomolewe.

Kipande ninachokichukia ni kikubwa chenye kazi moja: ubavu mzima wa meli, mlima uliomwagwa kwa mkupuo, ukuta wa ngome usioweza kuwa kitu kingine hata ukiubembeleza. Kuna wakati vipande vya namna hiyo vilizidi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni yenyewe ilikuwa na aina zaidi ya 12,000 za vipande na hasara inayotisha. Jørgen Vig Knudstorp aliposhika usukani mwaka 2004, moja ya kazi zake ilikuwa kuzipunguza aina hizo hadi karibu nusu. Mimi nampigia makofi mpaka leo.

Kipande ninachokipenda ni kibamba, yaani kile chembamba chenye theluthi ya kimo cha tofali, na hasa kibamba cha vinundu viwili. Watu hukidharau kwa sababu ni kidogo na kinapotea chini ya kochi. Lakini hesabu yake ni tamu. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu ni milimita 8. Kimo cha kibamba ni milimita 3.2. Panga vibamba vitano, unapata milimita 16, ambazo ni upana kamili wa vinundu viwili. Maana yake unaweza kulaza sehemu ya ukuta ubavuni, vinundu vikatazama barabarani badala ya mbinguni, na kila kitu kikakaa sawasawa bila mwanya. Siku nilipoligundua hilo nilimwamsha mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimefunga geti.

Boksi jipya ni la kubahatisha, linategemea binamu na mizigo yake. Riziki yangu halisi iko mitumbani. Kwenye soko la mitumba hapa Tanga, mabelo ya vitu vya watoto yakifunguliwa, muuzaji anatenga midoli, anatenga magari, na matofali anayamwaga kwenye turubai na kuyauza kwa fungu. Hajui anachouza. Fungu moja linaweza kuwa na tairi, mlango, nusu ya farasi, na vibamba vya kijivu cha zamani, kile kilichokuwapo kabla rangi haijabadilishwa mwaka 2004 ikawa kijivu chenye ubuluu. Mke wangu anasema hakuna tofauti. Huyu ni mtu anayeweza kutofautisha kanga mbili za rangi moja kwa kuziangalia akiwa ndani ya daladala.

Ndani ya fungu kuna pia mamluki. Hati za zamani za kuulinda ubunifu wa tofali la LEGO zilishakwisha muda, na mwaka 2010 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la tofali lenyewe lisajiliwe kuwa alama ya biashara, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kutengeneza tofali linalofanana. Kuwatambua si kazi. Tofali la LEGO lenyewe lina jina juu ya kila kinundu, herufi ndogo ambazo kidole kinazisoma kabla ya jicho. Lisilo na jina naliweka kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, na kopo lile huwa halisogei mpaka mtoto wa jirani aje na asili yake ya kusogeza vitu.

Vipande vya mitumba sharti vioshwe. Maji ya vuguvugu, yasizidi nyuzi 40, sabuni kidogo, beseni. Mashine ya kufulia isiguswe. Kisha vikaushwe kivulini, kwa sababu jua kali hugeuza vyeupe vikawa rangi ya meno ya mvuta sigara. Na baada ya kukauka vichambuliwe kwa umbo, si kwa rangi. Hili nalisema kwa mkazo kwa kuwa kuna siku nilirudi kazini nikakuta mke wangu na dada wa kazi wamenifanyia hisani: wamepanga kila kitu kwa rangi kwenye madumu ya juisi yaliyokatwa shingo. Palipendeza kweli. Lakini kitafute kibamba chekundu kimoja ndani ya dumu zima la wekundu, uone. Jicho huona rangi haraka ndani ya rundo la umbo moja, ila huchoka kutafuta umbo ndani ya rundo la rangi moja. Nilishukuru, nikala chakula cha usiku, wote walipolala nikayamwaga madumu sakafuni.

Hapo ndipo ulipoingia ungo.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Pangani kwa ajili ya posa ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anayekaa kwetu. Alikuja na maembe, dumu la mafuta ya nazi, na ungo wake. Sijaona chombo cha kuchambulia vipande kinachoushinda. Ukiupeta taratibu, vidogo vinazama chini na vikubwa vinapanda juu, kisha unavikwangua vikubwa kwa kiganja. Kazi ya jioni nzima inakwisha kabla ya taarifa ya habari. Niliutumia uani, usiku, nikaufuta, nikaurudisha ulipotundikwa.

Mama mkwe ni mtu wa heshima na mkwe wake wa kiume hamsemeshi moja kwa moja. Hata tukiwa chumba kimoja hupitia kwa bintiye. Asubuhi ile alisema, "Muulize mwenzio, ungo wangu umepetwa nini jana?"

Mke wangu akanigeukia. "Mama anauliza ungo wake umepetwa nini."

"Mwambie nimeuazima kidogo, nimeusafisha."

"Amesema ameuazima kidogo."

"Mwambie ungo hauazimwi usiku," akasema mama mkwe, na shauri likafungwa, au ndivyo nilivyodhani.

Siku ya posa ilifika. Mshenga alikuja na wazee wawili, kanzu zimepigwa pasi, wakapokewa na mjomba wa mke wangu ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wetu. Mshenga alikuwa fundi mwashi mstaafu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alijenga nusu ya Ngamiani na kukataa kuijenga nusu nyingine. Maneno ya kuulizia mtu huwa hayaanzi na mtu. Yalianza na mvua, yakapita kwenye bei ya mkonge, yakatua kwenye sinia la pilau.

Pilau ya mama mkwe ina viungo vizima. Huo ndio ufahari wake na ndiyo iliyokuwa shida. Mtu anayekula pilau yenye iliki nzima, karafuu na vijiti vya mdalasini hashtuki akikuta kitu kigumu cha kahawia mdomoni. Anakisogeza pembeni, au, kama ni fundi mwenye meno yake yote, anakitafuna.

Kilisikika mpaka koridoni.

"Iliki hii mmeinunua wapi?" mshenga akauliza kwa upole, akitoa kitu mdomoni. Nilikitambua kabla hakijafika ukingoni mwa sinia. Kilikuwa nusu ya kibamba cha duara chenye kinundu kimoja, rangi ya kahawia, na kinundu chake hakikuwa na jina. Mamluki. Kwa hesabu yangu kilijibana kwenye msuko wa ukingo wa ungo, kikangoja mchele uje kupetwa, kikaenda nao sufuriani. Mchele ulichaguliwa na wanawake watatu wazima wenye macho, lakini sikuona kama ule ndio ulikuwa wakati wa kulisema hilo.

Naomba nieleweke. Kile kibamba kingekuwa cha kweli, cha plastiki ya ABS, ile ngumu iliyoanza kutumika mwaka 1963, jino la mshenga ndilo lingepasuka, na shemeji yangu pengine angekuwa bado yuko nyumbani. Ubovu wa bidhaa ya kuiga ulituokoa. Ni mara pekee nimewahi kuitetea.

Tatizo lilikuwa nusu ya pili. Haikuwa kwenye sinia wala kwenye kanzu. Tuliangaliana. Mjomba akaanza kusema habari za hospitali, na mimi, kwa nia njema kabisa, nikamweleza mzee kwamba asiwe na hofu, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusu wahudumu sita wa afya ya watoto waliomeza kwa hiari kichwa cha sanamu ya LEGO, kitu kikubwa kuliko nusu ya kibamba, kisha wakawa wanakagua msalani. Kwa wastani vilitoka baada ya siku 1.71.

"Wote sita walikiona?" akauliza mzee mmoja.

"Watano. Mmoja hakukiona tena."

Kimya kikatanda. Mjomba alinitazama kwa namna ambayo nimewahi kutazamwa na mahakimu kwenye sinema. Mshenga ndiye aliyevunja kimya. Akasema yeye alishameza mwiba wa changu akiwa kijana na umri wake leo ni huu tunaouona, akaigeuzageuza ile nusu kwenye kidole. "Hiki ni kitu cha ujenzi?" akauliza.

Watoto hawakungoja ruhusa. Boksi likaletwa, mkeka ukatandikwa. Mzee alichukua tofali, akalipima kwa macho, akaligonga na jingine. "Saruji yake iko wapi?"

Nikaligeuza nikamwonyesha vibomba vilivyo ndani. Zamani, nikamwambia, tofali hili lilikuwa tupu chini, ukijenga linashika kidogo kisha linaachia. Godtfred Kirk Christiansen ndiye aliyeomba hati ya ubunifu wa vibomba hivi tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka ule linashikana na la leo bila ugomvi. Baba yake, Ole Kirk, alikuwa seremala pale Billund, Denmark, akaanza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Mwaka 1960 moto ulipoteketeza ghala la vitu vya mbao, wakaachana na mbao moja kwa moja.

"Seremala amekubali tofali," mzee akawaambia wenzake kwa kuridhika kukubwa. "Miaka yote nawaambia."

Kisha akaona ukuta wa kitinda mimba, matofali yamepangwa moja juu ya jingine, viungo vyote kwenye mstari mmoja toka chini hadi juu. Akauinamia. "Mjukuu wangu, ukuta huu unasimama kwa dua." Akaubomoa, bila alama ya X, na binti yangu mkubwa hakusema neno. Akamwonyesha mtoto jinsi ya kupishanisha, kozi kwa kozi, tofali la juu likanyage mawili ya chini. Nami nikampa vibamba vyangu vitano nikamweleza habari ya milimita 16. Alirudia hesabu kwa vidole, akatikisa kichwa, akasema katika kazi zake zote hakuwahi kupewa vifaa vilivyopimwa hivyo. Nilitamani mke wangu angekuwepo asikie. Mjomba, ambaye alikuwa amenuna, aliombwa ashike mlango wakati fremu inapachikwa, na baada ya hapo hakurudi tena kwenye kiti chake.

Ndani walikokuwa wanawake, kwa jinsi mke wangu alivyonisimulia baadaye, hali ilikuwa nyingine. Walikuwa wamesikia kishindo cha jino, kisha kimya, kisha sauti ndogondogo za kubofya ambazo hawakuzielewa. Mahari haikusikika ikitajwa. Shemeji yangu alikaa kitandani na mtandio wake mpya akiwa na hakika kwamba ameachwa kwa sababu ya iliki. Adhuhuri ikapita, alasiri ikakaribia. Mwishowe mama mkwe akamwita kitinda mimba, akamwambia aende sebuleni amuulize mjomba kwa adabu mazungumzo yamefika wapi.

Mtoto akaenda, akakaa zaidi kidogo kuliko ilivyofaa, akarudi.

"Babu anasema wamefika kwenye lenta."

Mama mkwe akamgeukia bintiye. "Lenta ndiyo shilingi ngapi?"