Tuyape Heko Mafuta Yaliyoganda

Cherehani imekwisha kusifiwa vya kutosha. Hakuna mahafali yanayopita bila mtu kusimama na kueleza jinsi mama yake alivyomsomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzake, ukumbi ukapiga makofi, na ni haki yake. Ila sijahudhuria hafla hata moja ambayo mtu alisimama kuyashukuru mafuta ya kupikia yaliyotiwa kwenye cherehani hiyo mwaka ule mafuta yake yalipokosekana dukani. Yamekaa humo kimya miaka nenda miaka rudi, yamegeuka gundi ya kahawia, yameshikilia kila kilichokuwa kinataka kuzunguka, na malipo yake ni kukwanguliwa kwa bisibisi na kutukanwa. Nimeona niyasemee.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yake. Mafuta ya cherehani, yale maangavu yanayouzwa kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba, ni mafuta ya madini. Yakitiwa leo hayana nia ya kuwa kitu kingine kesho. Mafuta ya alizeti yana malengo. Yakikutana na hewa hufyonza oksijeni, na minyororo midogo ya asidi za mafuta iliyomo ndani yake hushikana mmoja na mwingine mpaka inakuwa wavu mmoja usiotaka kumwachia mtu. Chuma na shaba huharakisha shughuli hiyo, na cherehani ya zamani, kwa bahati nzuri, karibu yote ni chuma. Wachoraji wa Ulaya walikoroga rangi zao kwa mafuta ya mbegu za kitani karne kadhaa kwa sababu hiyo hiyo: yanakauka yakawa ngozi ngumu, picha ikabaki ukutani. Alizeti haina mwendo wa kitani, lakini ukiipa muda itafika. Na cherehani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kwenye kona ya sebule ina muda mwingi sana.

Mafuta ya nazi hayana moyo huo, na sitayapa sifa yasizostahili. Hayakauki upesi, hila yake yote ni baridi. Chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi huganda, juu ya hapo huyeyuka. Dar es Salaam mwenye cherehani hagundui chochote. Mhamishie Njombe mwezi wa Julai, atalazimika kuisogeza karibu na jiko kwanza ndipo ashone, jambo linalompa nafasi ya kunywa chai. Huo ni msaada, sikatai, lakini ni msaada wa msimu.

Ukitaka kuupima uwezo wa gundi ya alizeti, tazama inapambana na nani. Chukua Singer nyeusi ya 15K. Hiyo K ni ya Kilbowie, kule Clydebank, Uskoti, kwenye kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885 na kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya cherehani duniani. Mwezi Machi 1911 wafanyakazi wake wapatao 11,000 waligoma. Walikuwa na viongozi, madai na umati barabarani, na wote kwa pamoja waliweza kuisimamisha Singer kwa majuma matatu hivi, kisha wakarudi kazini. Matone machache ya alizeti ya Singida yameisimamisha kwa miongo kadhaa, bila bango wala mkutano. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1980, na kilichobaki pale ni kituo cha reli ambacho mpaka leo kinaitwa Singer. Gundi haijafungwa.

Ndani ya familia mchango wake ni mkubwa zaidi. Cherehani inayofanya kazi ina wenyewe wengi. Shangazi hukumbuka kwamba ilikuwa ya bibi, na vitu vya bibi ni vya mabinti. Mke wa kaka mkubwa ndiye aliyeitunza, na watu wanaulizwa kama wamelisahau hilo. Mjomba yuko tayari kuitafutia mnunuzi, wala hataki chochote, nauli tu. Lakini cherehani iliyokaza haina mwenyewe. Inabaki kwenye nyumba ile ile, kichwa kimelazwa ndani ya meza yake, juu yake runinga, kando ya runinga maua ya plastiki. Nimeona ugomvi wa viwanja ukianzia baraza la kata ukapanda mpaka mahakamani. Kesi ya cherehani isiyozunguka sijaisikia.

Na hapa naomba msomaji asidhani natia chumvi. Tanga, Mombasa, Unguja, popote upepo wa bahari unapoingia dirishani, chuma kilichoachwa kikavu hushikwa na kutu. Kilicholala chini ya gundi hupona. Ikwangue kwenye fimbo ya sindano uone: chini yake chuma kinang'aa vile vile kilivyofungwa Uskoti. Hii ni sifa ya kweli kabisa, na wanaoilaani gundi huwa hawaitaji. Ilikilinda chuma dhidi ya chumvi na dhidi ya mshonaji, kwa bidii sawa.

Anayeamua kuisafisha mwenyewe nyumbani ndiye anayefaidi elimu yake. Vitabu vya maelekezo vya Singer vilikuwa na ushauri mfupi: cherehani ikiwa nzito baada ya kukaa bila kazi, tia mafuta ya taa kwenye matundu yake, iendeshe mbio, futa, kisha tia mafuta ya cherehani. Ushauri huo unachukulia kwamba gurudumu linazunguka. Basi mtu hutia mafuta ya taa akangoja. Jioni gurudumu linasogea upana wa ukucha, na nyumba nzima inaitwa kuja kuona. Kesho yake linasogea kiganja. Keshokutwa linazunguka lote, mwenye nyumba anapiga simu kwa ndugu. Asubuhi inayofuata limekaza tena. Mafuta ya taa yameruka hewani na kuiacha gundi humo humo, tofauti ni kwamba sasa imesambazwa mpaka kwenye pembe ambazo zamani haikuwa na njia ya kuzifikia.

Hapo ndipo mtu hutambua kwamba kulainisha ni robo ya kazi, na kuitoa nje ndiyo robo tatu. Unahitaji pamba, mswaki uliostaafu, njiti za kuchokonolea meno, na fulana kuukuu iliyochanwa vipande ambavyo vitatoka vyeusi mpaka siku vitakapotoka vyeupe. Unahitaji joto pia, maana gundi hulegea ikipashwa, na mashine ya kukaushia nywele ikiazimwa saluni ya jirani inafanya kazi nzuri, ingawa sijui utamweleza nini mwenye saluni. Unahitaji bisibisi zinazoenea kwenye mifuo ya skrubu sawasawa, kwa sababu ile ya dukani yenye ncha ya kubahatisha itaumega mdomo wa skrubu, na skrubu za Singer zina uzi wake peke yake. Ile ya kwenye kopo lako la misumari haitaingia. Ukilifungua gurudumu utakutana na wosha yenye vipembe vitatu. Ukiirudisha upande wa nyuma, kile kirungu cha katikati kitashindwa kuliachia gurudumu, na kila unapojaza bobini sindano nayo itakuwa inapanda na kushuka ikishona hewa. Shule gani ya ufundi inampa mtu mafunzo haya bila karo, kwenye baraza yake mwenyewe, amevaa kikoi?

Toa na lile bamba la chini ya sindano. Chini ya meno yanayosukuma kitambaa kuna vumbi la nyuzi lililolowa mafuta likashindiliwa mpaka likawa kipande kigumu chenye umbo la shimo lake. Kitoe kwa kibano ukitazame ubavuni. Kuna buluu ya sketi za shule ya msingi, juu yake nyeupe, bila shaka ni kanzu za sikukuu fulani, halafu nyekundu ya khanga za harusi ambayo watu walikula wakasaza. Bila gundi uchafu huu wote ungepeperuka siku ile ile nguo ziliposhonwa. Nyumba nyingi hazina picha hata moja ya miaka hiyo, zina hiki.

Tena gundi huleta watu. Cherehani ikiwa barazani imefunuliwa matumbo, hakuna apitaye kimya. Kijana wa bodaboda huzima pikipiki. "Shikamoo mzee. Hiyo tia mafuta ya breki." Mwenzake anaona petroli ndiyo mwisho wa ubishi. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kutunga uzi kwenye sindano, anakumbuka kwamba zamani walikuwa wakizilaza kichwa chini usiku kucha. Jirani ambaye mlinuniana tangu habari ya maji ya bomba anakuja kukushikia tochi.

Mmoja lazima atasema spiriti, na huyu ndiye wa kuogopwa. Yale machapa ya dhahabu juu ya mwili mweusi wa Singer za zamani yamefunikwa vanishi ya shelaki, inayotokana na wadudu wadogo wanaoishi mitini India, na shelaki huyeyuka kwenye kileo. Baadhi ya cherehani hizo zimechorwa Sfinksi. Yule wa Giza, kule Misri, ameketi jangwani miaka 4,500 hivi, jua, upepo wa mchanga na watalii, na bado yupo. Huyu wa kwenye cherehani huondoka na pamba moja yenye spiriti. Anayetaka kumwosha kwa usalama atumie mafuta ya cherehani yenyewe, afute taratibu na kurudia. Asiyetaka kumhatarisha kabisa amwache chini ya gundi, ambayo haijawahi kufuta Sfinksi wa mtu.

Thamani yake sokoni bado haijatambuliwa, na hili linanishangaza, kwa sababu fursa ilikuwapo. Mwaka 2009 kulienea uvumi Saudi Arabia kwamba Singer kuukuu zina zebaki nyekundu ndani ya sindano zake, dawa ya kugundua dhahabu iliyozikwa na ya mambo mengine yasiyosemwa mbele ya watoto. Watu walizileta sokoni, wakazipima kwa kusogeza simu ya mkononi karibu na sindano waone kama itakatika, na bei zilitajwa mpaka riyali 200,000 kwa cherehani moja. Zebaki haikuwamo. Walitafuta kimiminika chekundu kisichokuwapo, wakakipa bei ya nyumba. Hiki cha kahawia, ambacho kipo, kinaonekana na kinashikika, kwa maana zote za kushikika, hakuna aliyekipandia hata riyali moja.

Sasa tuseme umeshinda. Gurudumu linazunguka kwa kidole, uzi unapanda na kushuka, mshono umenyooka chini na juu. Hapo ndipo utajua ulichokipoteza. Ungetegemea angalau sindano zikosekane, kwa cherehani ya umri huo, lakini hapana: 15K inatumia sindano zile zile za nyumbani zinazouzwa leo, na duka la vifaa vya ushonaji lililo karibu nawe limezijaza. Kabla ya magharibi mtaa umeshapata habari. Kuna khanga nne za kupigwa pindo, "hata dakika tano hazifiki." Kuna zipu ya suruali ya mtu anayesafiri kesho. Kuna pazia la kupunguza, na mwenye pazia hajapima dirisha. Shangazi amepiga simu kusalimia, amesalimia kwa kirefu, ameulizia afya ya kila mtu mpaka ya paka, kisha akauliza kama ile cherehani ya bibi bado ipo pale pale.

Kwa bahati dawa ipo jikoni, kwenye chupa iliyo jirani na chumvi. Tone moja kila tundu, mawili kwenye fimbo ya sindano, mengine kidogo chini ya meno pale vumbi litakapoanza kurudi. Laza kichwa ndani ya meza, rudisha kitambaa na runinga. Alizeti mpya itahitaji subira, pengine hadi mvua za mwaka ujao au zaidi. Mwenye ndugu wa haraka atumie yaliyokwisha kukaangia mihogo, maana hayo moto umeyaanzishia kazi.