Kiti cha Kitindamimba

Paukwa? Pakawa! Liwatoni, upande wa kisiwa cha Mombasa unaotazamana na Likoni, paliondokea Bwana Kanga na mkewe Bi Kanga. Mwanzoni mwa 2021, lilipofunguliwa daraja la kuelea la kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, walikuwa na kifaranga mmoja. Daraja lile lilikuwa la waendao kwa miguu tu, nao hawakutaka zaidi ya hilo. Siku ya mapumziko walivuka kuzuru jamaa, mtoto katikati, baba huku na mama kule, wakarudi kabla ya magharibi.

Miaka minne baadaye vifaranga walikuwa wanne. Bibi naye, mamake Bi Kanga, alikuwa amekiacha chumba chake cha Kibokoni kwa sababu ya magoti, akaja kukaa nao. Sasa safari ilikuwa ya tuktuk mbili. Siku moja ya harusi tuktuk ya mbele ilikunja kushoto, ya nyuma ikaenda moja kwa moja, na kwa muda wa nusu saa Bi Kanga hakujua Kitindamimba wake yuko wapi. Alimkuta mapajani mwa Bibi, amelala. Hakusema neno mpaka usiku.

"Bwana, twataka gari."

Kunguru alikuwa dalali wa magari. Alikaa juu ya ukuta wa yadi, akijua meli gani imefunga gati Kilindini na imeshusha nini. Alimpeleka Bwana Kanga moja kwa moja hadi kwenye Alphard nyeupe, nyeupe ya lulu, boneti lake linang'aa hata Bwana Kanga akajiona madoa yake yote.

"Hili ndilo lako, bwanangu. La 2018, na mwaka huu wa 2025 hakuna kuukuu kuliko hilo linaloruhusiwa kuingia, sheria ni miaka minane. Viti saba. Vya katikati viwili, kila kimoja na mikono yake kama kiti cha kadhi. Mtaani watasimama wakutazame."

Bwana Kanga alikwisha kulitaka. Nami simlaumu. Mtu aliyekwenda kwa miguu miaka mingi ana haki ya kupenda kitu kizuri, na gari lile lilikuwa zuri kweli. Lakini Bi Kanga alikumbuka kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Kunguru hakuwa amenyamaza tangu waingie. Akatuma mtoto amwite Kobe.

Mzee Kobe alikuwa fundi, ameuzeekea uvungu wa magari. Alifika taratibu, akasalimiwa na watoto, akaitika mmoja mmoja. Hakulitazama boneti. Alizunguka hadi nyuma.

"Gari la watoto hukaguliwa kutoka nyuma, mwanangu. Mko wangapi?"

"Saba, babangu."

"Na kiotani?"

Bi Kanga aliinama. "Yai moja."

"Basi ni wanane. Hili limekwisha kujaa kabla hamjalilipia. Walete wote, na Bibi pia. Hatupimi kwa mdomo."

Kunguru alisema watafinyana tu, watoto ni watoto. Kobe hakumjibu. Walipofika akawapandisha. Bibi aliinua mguu kwenye kizingiti, ukarudi. Akainua tena, akashika mlango, akaingia akihema. Watoto watatu wakapita nyuma kabisa, na kiti cha pili cha katikati Kobe akakitengea yai. Kitindamimba akabaki wima kati ya vile viti viwili vya fahari, hana pa kukaa, akimtazama mamake.

"Huyu atapakatwa," alisema Kunguru.

"Breki ikifungwa ghafla," alisema Kobe, "hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto. Mkanda ndio unaozuia."

Kisha akatoa kamba yake ya kupimia, akainyoosha ubavu kwa ubavu. Sentimita mia na themanini na tano. Akamuuliza Bibi kama gari hilo litapita kwenye vichochoro vya Kibokoni, atakapotaka kuwazuru wenziwe. Bibi, aliyeishi huko miaka yote akiona mikokoteni ikibishana na kuta, alitikisa kichwa.

Pembeni, limepigwa vumbi la bandarini, lilikuwepo Noah la rangi ya kijivu. Upana wake, sentimita mia na sitini na tisa na nusu. Kobe alieleza kwamba Wajapani wana daraja la magari madogo lisiloruhusu kupita mita 1.7 kwa upana, 4.7 kwa urefu, wala lita 2 za injini; na kwa vile Japani nayo ina vichochoro, mafundi wake walijifunza kuweka watu wengi ndani ya kipimo hicho. Viti vinane: viwili mbele, vitatu katikati, vitatu nyuma. Milango ya ubavuni inasukumwa kurudi nyuma, haipanuki kama mbawa, kwa hiyo hata ukutani Bibi atashuka. Sakafu yake iko chini. Bibi aliinua mguu mara moja tu.

Kobe hakuwaficha kasoro. Viti vya nyuma vikikaliwa vyote, buti hubaki nafasi ya kikapu kimoja cha sokoni. Siku ya mizigo mtakunja upande mmoja wa viti hivyo na kuufunga dirishani, na baadhi yenu watasubiri safari ya pili. "Afadhali isubiriwe safari," alisema, "kuliko kubahatisha."

Kisha wakafunga mikanda yote minane, wakaivuta mmoja baada ya mwingine. Wa kona ya nyuma ulikwama. Bi Kanga alikataa kulipa hata senti mpaka ubadilishwe, akakaa kivulini mwa ukuta saa nne nzima na watoto wake, wakala mihogo ya kukaanga. Bwana Kanga aliitazama Alphard kwa muda. Halafu akaenda kukaa na wanawe.

Yai lilianguliwa mwezi uliofuata. Kiti cha nane kilikuwa kinangoja, na mkanda wake ulikuwa mzima.