Goti Limekubali, Mikono Imegoma

Shangazi Hanasiri anajibu barua zenu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mhasibu, nakaa Kilimani, Nairobi. Tangu mwaka jana najifunza kucheza kwenye nguzo. Kupanda napanda, kuzunguka nazunguka, na kupinduka kichwa chini miguu juu sasa si taabu. Kinachonishinda ni mtindo mmoja: kuning'inia kwa goti. Nikishafunga goti kwenye nguzo, mwalimu husema "achia mikono," nami siachii. Nguvu ninazo, ila vidole vinakataa. Wenzangu walionikuta darasani wanaachia na kupigwa picha. Nimejiambia naweza, nimeomba, nimetazama video hadi usiku wa manane. Nifanyeje? Mng'ang'anizi, Kilimani.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nilipoifungua nilidhani inahusu mume. Mwanamke ameshika, ameambiwa aachie, haachii, na wenziwe wameshaachia wanapigwa picha: barua za namna hiyo ninazo kabati zima, na jibu langu huwa ni neno moja. Nilikuwa nimeshaliandika nilipofika kwenye habari ya nguzo, nikalikata.

Wewe usiachie. Angalau si wiki hii.

Hivyo vidole umevishtaki kwa uoga, na mimi navitetea. Goti liko juu kuliko kimo cha mwalimu wako, kichwa kinatazama sakafu, na uzito wote umebebwa na ngozi ya nyuma ya goti pamoja na kipande cha ubavu, kwenye bomba la chuma lenye unene wa milimita 45 hivi. Mwili unaopewa habari hizo na bado ukafungua mikono papo hapo, eti kwa kuwa mwalimu amesema, huo ndio ningeupeleka kwa daktari. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Waliosema hivyo hawakuwahi kuingia studio, lakini mambo ya sakafu waliyajua.

Basi wanaokwambia "jiamini tu" wasamehe, ila usiwasikilize. Kujiamini hakuji kwa kuambiwa. Mwili wako una swali moja, nalo ni la busara kabisa: nikishaachia, nitarudije? Na hujalijibu. Nikuulize, kushuka kutoka pale unajua? Si kushushwa na mwalimu, wala kuteleza ukijichubua mapaja hadi chini. Namaanisha kushuka mwenyewe, kwa hiari, ukiwa na akili zako. Kwa ninavyowajua wanafunzi wa nguzo, kuingia kwenye mtindo mnafanya mazoezi kila darasa, kutoka mnamwachia Mungu.

Kwa hiyo kwa sasa fanya mazoezi ya kutoka tu. Funga goti, mikono ikiwa bado imeshika. Jikunje, peleka mkono mmoja juu ya goti ukamate nguzo, halafu wa pili, fungua mguu, teremka. Rudia mpaka ikuchoshe kwa kukosa utamu. Mtindo unaokuchosha hauwezi kukutisha.

Ukishafika hapo, shuka chini. Wengi hawafanyi hivi kwa sababu hakupendezi kwenye picha. Tandika godoro la kuangukia, kisha funga goti chini kabisa, kiasi kwamba mikono ukiinyoosha inagusa godoro. Huko, kuachia nguzo ni kuihamisha tu mikono kutoka kwenye chuma kwenda kwenye godoro. Anza na mmoja. Ukitaka, anza na kidole kidogo, hakuna anayekuhesabia. Unaning'inia sasa, mwanangu, huo ndio mtindo wenyewe. Kilichobaki ni urefu tu. Ukizoea, panda shubiri moja. Ukizoea tena, shubiri nyingine. Siku godoro litakapotoka kwenye ncha za vidole, mwombe mwalimu asimame karibu, mkono wake uwe mgongoni mwako usawa wa mabega, maana kinacholindwa hapo ni shingo. Asikudake mguu wa hewani. Mguu wa hewani haujawahi kumwokoa mtu.

Na hilo goti nalo litazame vizuri. Wanaoteleza wengi hawatelezi kwa kuachia mikono. Wanateleza kwa sababu akili yote imehamia mikononi, goti likasahauliwa likalegea. Kabla ya kugusa habari ya mikono, vuta kisigino kuelekea tako mpaka ukisikie chuma kinabana mahali panapouma. Kisha egemeza ubavu mpaka nao ubanwe. Ukisikia maumivu sehemu mbili, uko salama. Ukisikia raha, shuka.

Jambo jingine, la aibu kidogo. Asubuhi ya darasa ulijipaka nini? Kinachokushika pale ni msuguano wa ngozi na chuma, na losheni ni adui wa msuguano. Futa nguzo kwa kitambaa chenye spiriti, futa na nyuma ya goti. Tena wewe uko Nairobi: mwezi wa Julai chuma hukaa baridi, na chuma baridi hakishiki ngozi mpaka kipate joto. Wenzako wa Mombasa wana kesi ya jasho, wao wajipake chaki. Inawezekana vidole vyako vilijua kuwa goti linateleza kabla wewe hujajua.

Kama unaona haya kurudi chini wakati wenzako wako juu, mfikirie Simone Biles, mcheza jimnastiki wa Marekani ambaye sijamsikia mtu akimwita mwoga. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, kwenye fainali ya timu, aliruka akapotea hewani. Alipanga kujizungusha mara mbili na nusu, akatoka na moja na nusu, hajui yuko wapi. Akajitoa. Wiki moja baadaye alirudi kwa mchezo mmoja tu, ule wa boriti nyembamba, akapata shaba. Sasa angalia alichobadilisha: namna ya kushuka. Aliondoa kule kujizungusha, akatua kwa mpinduko aliokuwa na uhakika nao. Mambo makubwa yalingoja. Paris 2024 akachukua dhahabu tatu, na hakuna aliyemuuliza habari za kurahisisha.

La mwisho kwako. Siku vidole vikigoma, jaribu tena mara chache, kisha fanya kitu unachokiweza, vaa viatu, nenda nyumbani. Ukikaa pale kugoma hadi taa zizimwe, ulichofanyia mazoezi jioni nzima ni kugoma, na utakuwa hodari wake. Na hizo video za usiku wa manane ziache. Zinaonyesha watu wakiachia. Anayekufaa ni yule anayeonyesha alivyoshuka.

*Shangazi, mke wangu ameagiza nguzo ya kufanyia mazoezi nyumbani, ile ya kukaza kati ya sakafu na dari bila kutoboa. Anataka tuifunge sebuleni. Rafiki zangu wananicheka, wanasema hayo ni mambo ya vilabu vya usiku. Nimkataze? Baba Sebule, Tabata.*

Baba Sebule, umeniletea maswali mawili, na lile la hatari umelipita mbio. Dari yako ni ya nini? Kama ni ya jipsamu, kama nyumba nyingi za kupanga huko kwenu, nguzo itasukuma dari, dari itakubali, na mkeo atakuja nayo chini pamoja na taa. Nguzo hiyo inataka zege au boriti juu yake. Panda mwenyewe ukagonge dari kabla hujafika kwenye heshima ya familia.

Kuhusu rafiki zako, usibishane nao kwa uongo. Ni kweli, mengi ya haya yametoka kwenye kumbi za usiku za Marekani na Kanada, na mitindo mingi anayojifunza mkeo ilibuniwa na wanawake waliokuwa kazini humo. Wapewe sifa yao. Lakini nguzo ina koo nyingi. Kule Maharashtra, India, wanaume wamekuwa wakipinduka kwenye nguzo ya mbao tangu zamani, kama mazoezi ya wacheza mieleka, nao huvaa nguo ndogo kuliko ya mkeo. Nguzo yenyewe huipaka mafuta ya nyonyo. Waambie rafiki zako waanze na hiyo.

*Shangazi mwenzangu, mkamwana wangu ana madoa ya zambarau nyuma ya magoti na kwenye viwiko kwa ndani. Nikimuuliza anacheka. Naogopa mwanangu anampiga. Mama Mkwe, Kisauni.*

Umefanya vyema kuogopa, na umefanya vyema zaidi kutomficha mwanao. Mkalishe huyo binti faragha, mwanao akiwa hayupo, umuulize tena bila kucheka. Akinyamaza, au ukaona alama usoni na shingoni, usingoje jibu langu, nendeni polisi kwenye dawati la jinsia. Ila nyuma ya goti na ndani ya kiwiko ndipo hasa nguzo inapouma. Akisema ni nguzo, mwambie akuonyeshe. Mcheza nguzo hajui kukataa ombi hilo. Atakupa na simu umrekodi. Ishike wima, na usipige kelele akiachia mikono.