Jinsi ya Kumponya Mtoto Anayefurahi Ovyo

Mzazi mwenzangu, sogea karibu. Kuna aibu imeingia nyumbani kwako na unajifanya huioni. Umekopa ukanunua televisheni ya inchi 55, na mtoto ameipa mgongo. Yuko uani anakimbiza kumbikumbi, kicheko kinafika hadi kwa jirani. Watu watakufikiriaje? Mtoto wa mtu mwenye kazi yake, anafurahishwa na mdudu!

Usihofu, ugonjwa huu una dawa. Fuata hatua hizi na baada ya wiki mbili atanuna kama mtu mzima.

1. Anza na bei.
Kila akishangilia kitu, muulize kimenunuliwa shilingi ngapi. Ameshika kipande cha ukoko wa wali, kinalia kacha kacha mdomoni, macho kayafumba kwa utamu. Mwambie wenzake saa hizi wanakula piza. Haijui piza? Ndiyo vizuri. Kitu usichokijua ndicho kinachokunyima usingizi.

2. Iharibu mvua.
Masika yakianza, mwezi wa tatu, utamkuta chini ya mchirizi wa bati, kinywa wazi. Usimchape, mvua ya kuibia ni tamu kuliko ya ruhusa. Toa simu, mwambie abaki hapo hapo umpige picha. "Cheka vizuri. Sio hivyo. Futa kamasi. Rudia." Ikifika picha ya saba atakuwa anatetemeka, anaomba kuingia ndani. Chagua ile ya kwanza, iweke statasi, andika: "Furaha ya mtoto haina bei."

3. Uboreshe mchezo wake.
Wanacheza chandimu kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, goli ni matofali mawili. Mnunulie mpira wa dukani. Kisha mwonye kwamba ni wa gharama, watoto wa watu wasiuguse. Kesho yake atakuwa na mpira mzuri kuliko wote mtaani, na hana wa kumpasia. Hapo mwite ndani umwandikishe tuisheni.

4. Usitishwe na sheria.
Atatokea mjuaji akwambie kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, na kwamba ibara ya 31 inampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Atakukumbusha pia kuwa Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Itikia kwa kichwa. Nani kamkataza kucheza? Mpe dakika 20 kila Jumapili, akiwa amevaa soksi nyeupe, na zirudi nyeupe.

5. Jikinge na maambukizi.
Hapa ndipo wengi tunapoanguka, nami nakueleza kwa siri. Juzi nimerudi kazini nikamkuta wa kwangu anasukuma gari alilounda mwenyewe: bodi ni boksi la maziwa, matairi kayakata kwenye ndala iliyochakaa, ekseli ni chelewa. Lilikuwa linavuta kushoto. Mzazi makini angepita. Mimi nikainama dakika moja tu, nimwelekeze ekseli inavyokaa, maana gari langu la darasa la pili lilikuwa likikata kona bila kupinduka.

Chelewa ikavunjika. Tukachomoa nyingine kwenye fagio. Nayo ikavunjika.

Mama yake alipotoka kuulizia fagio lake, Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Alinikuta nimepiga magoti vumbini na suruali ya ofisini, nanguruma kwa mdomo, nimepakia mzigo, napandisha mlima Kitonga kwa gia ya kwanza.

Mtoto alikuwa kasimama pembeni, mikono kifuani, anadai gari lake. Amenuna kweli kweli.

Kwa hiyo usiniambie mwongozo huu haufanyi kazi.