Komando na Usiku wa Bonana

Viatu vya baba mkwe wangu bado vimeanikwa juu ya ukuta wa parseli yangu, na bado vinanuka. Usiku wa Bonana, saa sita kamili, mzee akiwa amefumba macho anauombea ukoo mzima mwaka mpya, mbwa wangu Komando alijikokota kwa tumbo katikati ya miguu ya wageni, akajipenyeza chini ya kiti chake, akamkojolea. Sala haikukatika. Mzee aliifikisha hadi Amina, akafumbua macho, akainama kutazama, kisha akaniuliza polepole: “Njo ile imbwa ulisemaka?”

Njo yeye, Papa. Ndiye yule niliyekuwa nikimsifu ukweni tangu siku ya mahari. Getini kwangu kuna kibao, Attention chien méchant, yaani tahadhari, mbwa mkali, na fundi aliongeza meno kwa rangi nyekundu bila kudai nyongeza. Mkusanya bili za umeme huita akiwa ng'ambo ya barabara. Wauza makaa hushusha mzigo kwa jirani. Kumbe Komando naye alikuwa na bwana wake, na bwana huyo anaitwa petadi, yaani fataki.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za sikio la mbwa hadi mke wangu amechoka nami. Sikio la binadamu huishia kwenye hezi 20,000 hivi. La mbwa hufika 45,000. Lina misuli zaidi ya 12 ya kuligeuza huku na huku, moja likisikiliza geti, lingine sufuria. Mwizi akija, Komando humsikia akiwa mbali, hunusa jasho lake, hujua anatokea upande gani, na hapo ushujaa hupanda. Petadi haina hatua wala jasho. Hulipuka pande zote kwa mara moja, mwangwi ukagonga mabati, basi mwili wa mbwa unabaki na amri moja tu, kukimbia, na geti limefungwa. Moyo hupiga mbio, mkia huingia tumboni, makucha hukwaruza saruji, kibofu kinaachia. Tena mbwa wengi hawazoei: kila mlipuko huwaongezea woga wa ule unaofuata. Kwetu Lubumbashi Desemba ni mwezi wa mvua, kwa hiyo radi zilikuwa zimekwisha kumtetemesha majuma kadhaa kabla ya petadi ya kwanza kuuzwa.

Haya mengine nikiyasema sicheki. Mbwa tunamfunga mnyororo mwaka mzima, tunamlisha ukoko wa bukari, tunamfundisha kwamba kila anayegusa geti ni adui. Bonana ikifika tunalifungua hilo hilo geti, unaingia ukoo mzima na mabafle ya muziki na pombe ya lutuku, kisha tunamtaka awe mpole. Shemeji mmoja, mtu mzima mwenye watoto, aliwasha petadi akaitupa kwenye kibanda cha Komando “tuone kama ni mukali kweli”. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Je, mbwa angemng'ata? Usiku ule ule tungekuwa tunahangaika kutafuta chanjo ya kichaa cha mbwa, Komando angefungiwa siku 10 aangaliwe kama ana dalili, na katika kikao cha familia mshitakiwa angekuwa mmoja tu, asiyejua kusema. Shemeji angepewa kiti na bia.

Paka, kwa upande wake, aliondoka na samaki mzima wa tomson na hakuna aliyemwona. Jogoo wa sikukuu aliruka ukuta akaangukia kwa jirani, na jirani anasema kwake hakijaonekana kitu, ila alikuwa anajifuta mdomo.

Basi wewe utakayewakaribisha watu mwaka huu, mtembeze mbwa na umlishe jua likiwa bado juu, kisha mwingize chumba cha ndani kabisa, kilicho mbali na mabafle. Shusha pazia, mwekee maji na shati lako kuukuu lenye harufu yako, na redio iongee kwa sauti ya chini. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, hupasuka vipande vikali vya kumtoboa utumbo; mchuzi wenye vitunguu nao humharibia damu. Funga mlango kwa ufunguo, na huo ufunguo usimpe shemeji yeyote.