Sifa Zake Mheshimiwa wa Kijani

Kwa ukoo hana mpinzani. Mwani wa kijani-buluu, ambaye kisayansi ni jamii ya bakteria, alianza kuijaza dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, na kila jani la mchicha limebeba ndani yake kizazi cha babu zake. Anayemwita uchafu wa ziwa na akumbuke kwamba hata pumzi anayomtukania ni zawadi ya ukoo huo.

Tena ana adabu: hustawi pale anapoandaliwa. Ghuba ya Winam, iliko Kisumu, ina kina kifupi na mlango mwembamba, kwa hiyo maji yake hayachanganyiki upesi na ya Ziwa Viktoria lenyewe. Mto Nyando humletea udongo na mbolea kutoka ukanda wa miwa. Mji nao humwongezea maji taka. Fosforasi na naitrojeni kwake ni pilau. Jua likiwaka na maji yakitulia, hupanda juu kwa vifuko vya hewa vilivyomo ndani ya seli zake, akatanda. Upepo humsukuma hadi ufukweni, palepale watu wanapochota maji na ng'ombe wanapokunywa. Mgeni gani mwingine hulipa fadhila kwa kumfuata mwenyeji hadi mlangoni?

Malipo yenyewe ni ya namna nyingi. Aina zake nyingine hutoa mikrosistini, sumu inayoingia kwenye ini na kuvuruga kazi za seli zake. Nyingine hutoa anatoksini, inayoshambulia neva hadi misuli ya kupumulia ikashindwa kazi. Na si mtu wa makuu: Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 tu ya mikrosistini kwa lita ya maji yanayonywewa kila siku. Mama anayechemsha maji kwa uangalifu wote huua vijidudu vya kipindupindu, lakini mikrosistini hubaki sufuriani ikimtazama.

Ubaguzi hana. Mwaka 1878 George Francis aliandika katika jarida la Nature jinsi kondoo, farasi, mbwa na nguruwe walivyokufa baada ya kunywa maji ya Ziwa Alexandrina, Australia. Mwaka 2020 zamu ilikuwa ya wakubwa: zaidi ya tembo 300 walikufa kaskazini mwa Botswana, na serikali ikatangaza kuwa chanzo ni sumu ya neva ya bakteria hawa.

Kwa heroe wadogo wa Bonde la Ufa amejipa cheo cha pekee. Chakula chao ni spirulina, ndugu yake mpole, na rangi yao ya waridi inatoka humohumo. Lakini watafiti walipopasua heroe waliokufa Ziwa Bogoria, walikuta tumboni sumu ya ini na sumu ya neva pamoja. Utando unaoota kwenye chemchemi za moto kando ya ziwa ulikuwa mmoja wa washukiwa. Ukoo huohuo unalisha, ukoo huohuo unazika. Wanasiasa wangapi wamefika daraja hilo?

Sifa hizi hukwama kooni zikifika Caruaru, Brazili. Mwaka 1996 wagonjwa wa figo katika zahanati moja ya huko walisafishwa damu kwa maji yaliyoletwa na maboza bila kutibiwa vizuri. Mikrosistini haikuhitaji hata kupita tumboni; iliingia moja kwa moja kwenye damu. Kati ya wagonjwa 131, 116 waliugua, na vifo 52 vilihusishwa na sumu hiyo.

Utajiri nao haumtishi. Agosti 2014, wakazi wapatao 400,000 wa Toledo, kando ya Ziwa Erie nchini Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba wala wasiyachemshe, maana kuchemsha kungeizidishia sumu makali maji yakipungua. Maduka yaliishiwa maji ya chupa.

Adui zake wanajulikana: mtambo wa maji taka unaofanya kazi, mbolea inayopimwa kabla ya kumwagwa, na mafunjo ya midomo ya mito, ambayo hunasa udongo na virutubisho kabla havijafika ziwani. Kwa bahati yake njema, mafunjo ya ghuba yanazidi kukatwa na kuchomwa, na mahali pake panalimwa mboga, zinazowekewa mbolea.